Kuandaa Subaru ya kila siku kwa siku ya uwanja: mwongozo kamili kwa wenye magari Nyanda za Juu Kusini

Impreza WRX inayokupeleka kazini kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, au inayopanda mlima kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini, inaweza kukimbizwa uwanjani Jumamosi na Jumatatu ikawa kazini kama kawaida. Inawezekana kabisa, ila kwa mpangilio fulani wa matumizi ya fedha: breki kwanza, kisha ubaridi wa injini, kisha oili, kisha matairi. Nguvu za ziada ni za mwisho, na kwa gari la kila siku mara nyingi hazihitajiki kabisa. WRX ya Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250. Dereva anayejifunza hawezi kuzimaliza zote ndani ya mwaka mmoja.

Tunaposema siku ya uwanja tunamaanisha siku ambayo magari huingia kwa makundi kwenye eneo lililofungwa na kukimbia kwa vipindi vya dakika 10 hadi 20, bila kushindania nafasi. Nyanda za Juu Kusini hazina uwanja wa kudumu wa lami. Iringa inafahamika zaidi kwa rali, ambazo hukimbiwa kwenye vumbi. Kwa hiyo wengi wa hapa huchagua moja kati ya mawili: kusafiri mbali, au kujiunga na waandaaji wanaokodi eneo pana la lami na kupanga koni. Uliza kama tukio limepitia Automobile Association of Tanzania, chombo kinachosimamia michezo ya magari nchini. Uliza pia gari la wagonjwa litakaa wapi na nani anashika bendera. Usipopata jibu la kueleweka, baki nyumbani.

Kitonga, Mlima Nyoka, mteremko wa Iwambi na barabara ya Chunya si viwanja. Pana malori ya kwenda Tunduma, pana bodaboda, pana watoto wa shule. Hakuna mazoezi ya kufanyia pale, hata saa kumi alfajiri.

Mwongozo huu unatumia Impreza WRX ya umbo la GD (lile la mwanzoni mwa miaka ya 2000) yenye giaboksi ya gia tano kama mfano, kwa sababu ni gari lililojaa mikoa hii na spea zake zinapatikana. Mwenye Forester ya turbo atafuata karibu kila kitu. Mwenye Altezza atafuata hatua zote isipokuwa zile za turbo, na ziada yake ni moja: boljointi za chini za mbele azikague kwa makini kuliko kitu kingine chochote, maana ndizo udhaifu wa gari lile.

Mwinuko unabadilisha hesabu

Maelezo mengi ya magari ya uwanjani yameandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Iringa iko karibu mita 1,600, Mbeya karibu 1,700, Njombe karibu 2,000. Kwa Mbeya, msukumo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa pwani, na maji kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mambo manne yanafuata.

Kwanza, hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Rejeta na diski za breki hupozwa na hewa inayopita, na hapa kila lita ya hewa ina uzito mdogo. Baridi ya Juni inakusaidia kwa kiasi, lakini haifuti upungufu wote. Pili, mfuniko wa rejeta unashikilia msukumo uleule juu ya hewa ya nje, na hewa ya nje yenyewe imepungua. Mfumo ambao pwani ungechemka kwenye nyuzi 122, hapa unachemka kwenye 119 hivi. Nyuzi tatu si nyingi, ila mfuniko uliochoka unakula nyuzi kumi na zaidi juu ya hizo.

Tatu, turbo inalazimika kuzunguka kasi zaidi ili kuipa injini hewa ileile, na inapozunguka zaidi inatoa hewa ya moto zaidi. Fundi anayekushauri kupandisha busti (msukumo wa hewa ya turbo) ili urudishe nguvu zilizoliwa na mwinuko anakuomba uichoshe turbo ambayo tayari inafanya kazi ya ziada. Nne, upepo wa matairi. Geji hupima tofauti kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje, kwa hiyo tairi lililojazwa Ruaha Mbuyuni litasoma zaidi ukifika Iringa hata kama hukuongeza chochote, kwa psi 1 na nusu hadi 2 joto likiwa sawa. Upepo hupangwa palepale uwanjani, asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Ukaguzi kabla ya kununua chochote

Pandisha gari kwenye stendi nne imara. Jeki peke yake haitoshi kumweka mtu chini ya gari. Shika kila gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, tafuta beringi au boljointi. Likicheza kushoto na kulia mbele, tafuta tairodi. Beringi za nyuma za Impreza huchoka mapema. Zungusha gurudumu kwa mkono huku mkono mwingine ukishika springi: beringi mbovu utaihisi kwenye springi kabla hujaisikia kwa sikio.

Angalia bushi za mikono ya mbele (vyuma vinavyoshika magurudumu kwa chini), hasa ile kubwa ya nyuma ya mkono. Barabara za vumbi za Makete na Ludewa huipasua mapema. Bushi iliyopasuka hufanya gari lihame lenyewe unapokanyaga breki kwa nguvu, na uwanjani hilo linatokea kwenye mwendo mkubwa.

Chunguza mvujo wa oili kwenye mifuniko ya vali. Injini ya Subaru imelala, na oili inayovuja hudondokea moja kwa moja kwenye bomba la moto la ekzosi. Mvujo mdogo wa kila siku huonekana kama harufu tu, lakini uwanjani unaweza kuwa moto. Badilisha gasketi kabla ya siku yenyewe.

Pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa ya moto. Namba zenyewe hutofautiana kidogo kufuatana na geji na mwinuko, kwa hiyo tazama zaidi tofauti kati ya silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, simama hapo. EJ20 ya turbo, yaani injini ya WRX hii, iliyokwisha kupasuka pistoni kwenye mifereji ya ringi inaweza kukupeleka sokoni kwa miezi kadhaa, lakini haivumilii nusu siku ya uwanja.

Breki

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na karibu kila mara chanzo ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 4 mpya huanza kuchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. DOT 5.1 huanzia 260 na kushuka hadi 180. DOT 3 ikiwa na maji huchemka kwenye 140. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Kwa mikoa yenye mvua ndefu, na Rungwe ndiyo usiseme, badilisha kila miezi sita kama unakwenda uwanjani, na daima ndani ya wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Tumia DOT 4 ya kiwango cha juu au DOT 5.1. Usiguse DOT 5: hiyo ni ya silikoni na haichanganywi na hizi nyingine, ingawa namba zinafanana.

Nunua lita moja, kwenye chupa iliyofungwa kwa lakiri. Chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita na kukaa gereji si ya kutumia. Utaratibu ni huu:

1. Nyonya mafuta ya zamani kwenye kikopo cha masta silinda kwa bomba la sindano, kifute ndani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha jaza mapya.
2. Fuata mpangilio wa magurudumu ulio kwenye kitabu cha gari lako. Kama huna kitabu, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu yenye usukani kulia, hilo ni la nyuma kushoto.
3. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipeli ya kalipa, na ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Msaidizi akanyage taratibu, wewe fungua nipeli robo mzunguko, funga, ndipo aachie. Asiachie kabla hujafunga.
4. Endelea mpaka rangi ibadilike kutoka kahawia hadi ile ya mafuta mapya na mapovu yaishe. Kila kalipa inataka kama mililita 150 hadi 250.
5. Kila baada ya mikanyago kumi, tazama kikopo. Kikikauka unavuta hewa ndani na kazi inaanza upya.

Msaidizi asikanyage pedali hadi mwisho kabisa. Kwenye masta silinda ya zamani, sehemu ya mwisho ambayo haijawahi kutumika ina kutu na uchafu, na mpira wa ndani ukipita pale unachanika. Gari linaingia gereji likiwa na breki nzuri na kutoka na pedali laini, fundi analaumiwa kwa mafuta mabaya, kumbe ni mpira. Weka kipande cha mbao chini ya pedali kuzuia hilo.

Pedi za kawaida za mjini huanza kupoteza nguvu joto likivuka nyuzi 350 hivi, na uwanjani utafika huko ndani ya mizunguko michache. Tafuta pedi zilizotengenezwa kwa matumizi mchanganyiko ya barabara na uwanja. Pedi kamili za mashindano usizifunge kwenye gari la kila siku: zikiwa baridi hazishiki, na asubuhi ya Julai Mbeya ukitoka getini hutaki kugundua hilo mbele ya daladala. Unene usiwe chini ya milimita 6 unapoanza siku. Pedi nyembamba haina kitu cha kukinga joto lisiingie kwenye kalipa na mafuta.

Pedi feki ni tatizo la kweli. Pasua karatasi, tazama ukingo ambapo nyenzo imegandishwa kwenye chuma: pakiwa na nafasi, mapovu ya gundi au nyenzo inayomomonyoka kwa ukucha, rudisha dukani. Namba ya bechi iwe imechongwa au kupigwa muhuri kwenye chuma chenyewe, isiwe kwenye boksi tu.

Diski ya mbele ya WRX yenye pistoni mbili au nne huwa na unene wa milimita 24 ikiwa mpya, na mwisho wake ni 22. Kiwango cha mwisho huandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imefika 22.5, ifungie gari la mjini, uwanjani nenda na mpya. Diski za matundu hazina faida hapa, kwani nyufa huanzia kwenye matundu. Diski bapa za kawaida zenye ubora zinatosha.

Pedi mpya na diski mpya lazima zizoeane kabla. Chagua barabara tupu na iliyonyooka, bila mtu nyuma yako. Kutoka kilomita 80 kwa saa punguza hadi 20 kwa breki ya wastani, mara nane hadi kumi mfululizo, bila kusimama kabisa. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama na kushikilia pedali diski ikiwa ya moto, nyenzo ya pedi hujibandika mahali pamoja na usukani utaanza kutetemeka kila unapofunga breki. Watu huita diski imepinda. Mara nyingi haijapinda, imepakwa.

Wengine hushauri kuondoa mabati ya kukinga vumbi nyuma ya diski ili hewa ipite. Kwa anayeishi kwenye lami tupu ni sawa. Kwa anayeingia barabara za udongo za Njombe au Mufindi, yaache. Jiwe moja likikaa kati ya bati na diski linapiga kelele tu, likikaa kati ya diski na kalipa linaharibu.

Ubaridi wa injini

Tuanze na termostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji ya rejeta kupita), kwa sababu hapa ndipo ushauri mbaya umezagaa. Gari likichemsha, wapo mafundi wanaoitoa na kulirudisha bila hiyo. Sindano ya joto inashuka, mteja anafurahi. Kinachofuata ni injini isiyopata joto lake la kazi asubuhi za baridi, oili nzito, petroli nyingi inayoosha kuta za silinda, na uchakavu usioonekana. Na kama chanzo kilikuwa gasketi ya hedi, kimefichwa tu. Subaru huweka termostati upande wa maji yanayoingia kwenye injini, na ile halisi ya kiwandani ina umbo kubwa kuliko nyingi za bei rahisi zinazotoshea nafasi ileile. Nunua halisi. Ni spea ambayo kubana matumizi kwake hakulipi.

WRX ya turbo ina mifuniko miwili yenye msukumo: mmoja kwenye tangi dogo la juu karibu na turbo, wa baa 1.1, na mwingine kwenye rejeta yenyewe, wenye nguvu zaidi. Ukiibadilisha nafasi, mfumo hautoi na kurudisha maji kwenye chupa ya akiba inavyotakiwa. Kagua hilo kwenye gari lolote lililonunuliwa mkononi. Mpira wa mfuniko ukiwa mgumu au umepasuka, badilisha yote miwili kwa pamoja.

Kulanti iwe nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, jumla kati ya lita 7 na 8. Maji ya bomba au ya mto huacha magadi ndani ya mirija ya rejeta. Kujaza ni kazi ya subira: jaza kupitia tangi la juu, fungua skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye kona ya juu ya rejeta, washa injini na hita ya ndani kwenye moto kamili, na endelea kuongeza mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili. Hewa iliyobaki ndani ya EJ20 hukaa kwenye hedi, na hapo ndipo gasketi inapoungua huku sindano ya dashibodi ikikaa katikati.

Sindano hiyo usiiamini. Imetengenezwa kukaa palepale kwa upana mkubwa wa joto, na ikianza kupanda umeshachelewa. Funga geji ya kweli ya joto la maji, na ukiweza ya oili pia. Maji yakivuka nyuzi 105 au oili ikivuka 130, punguza mwendo mara moja na umalizie mzunguko polepole.

Osha rejeta kwa nje, kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yenye nguvu ndogo. Vumbi jekundu na wadudu waliokauka kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi huziba zaidi ya unavyofikiri. Rudisha pia plastiki zote za chini ya injini zilizopotea. Zile ndizo zinazolazimisha hewa kupita ndani ya rejeta badala ya kukwepa chini.

Oili

Injini ya EJ inaua beringi za fimbo za pistoni pale oili inapohamia upande mmoja kwenye kona ndefu na pampu ikavuta hewa. Fundi atakuambia imenoki, na kwa kawaida ni ghali kuliko maandalizi yote haya. Kinga ya kwanza haina gharama: kipimo kiwe kwenye alama ya juu kabisa kabla ya kila kipindi. Umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja, na gari linaloingia uwanjani likiwa katikati limekosa nusu lita ya usalama. Pima gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa dakika tano.

Tumia oili ya sintetiki kamili, 5W-40 kwa mwaka mzima wa baridi yetu, au 10W-50 kama injini imetembea sana. Badilisha pamoja na filta kabla ya siku ya kwanza, na kila baada ya siku tatu za uwanja. Ukiwa umeshusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa sababu nyingine yoyote, kagua bomba la kuvutia oili pale lilipoungwa. Hupasuka, na ufa mdogo hauonekani bila kupangusa na kuangaza tochi.

Giaboksi ya gia tano inachukua lita 3.5 za 75W-90 ya GL-5, na difu ya nyuma lita 0.8. Giaboksi hii haipendi kuachiwa klachi kwa ghafla ukiwa umepandisha mizunguko. Uwanjani ondoka taratibu, kasi iko kwenye kona.

Matairi, mlalo wake na shokapu

Matairi ya mtumba usiyalete. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya tarehe iliyo ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililovuka miaka mitano na kupigwa jua linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri na mpira mkavu usioshika. Namba ya uchakavu iliyochongwa ubavuni ikiwa 200 hadi 300 inafaa kwa matumizi yote mawili. Zaidi ya 400, tairi litadumu miaka lakini litateleza likipata moto.

Anza na psi 30 baridi kwa yote manne. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye kashata kushuka ubavuni, sehemu tatu kwa kila tairi. Baada ya kipindi, tazama chaki ilipofutika. Ikifutika hadi kwenye pembetatu ndogo iliyo begani mwa tairi, upepo uko sawa. Ikifutika kupita hapo, tairi linalala, ongeza psi 2. Ikibaki juu ya pembetatu, punguza. Ya moto yatakuwa karibu psi 36 hadi 38. Kabla ya kurudi nyumbani rudisha kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, yakiwa yamepoa.

Kwenye mashine ya alaimenti, omba matairi ya mbele yalalie ndani kwa juu digrii 1.5, nyuma digrii 1 hadi 1.2, na mwelekeo wa matairi ya mbele (toe) uwe sifuri kabisa. Bolti ya juu inayounganisha shokapu na nakoli (chuma kinachobeba gurudumu) ya mbele imetengenezwa kwa marekebisho hayo, na nafasi iliyopo inatosha kwa gari lililoshuka kidogo. Wanaotaka digrii 2 na nusu watapata kona nzuri na matairi yaliyokwisha upande wa ndani baada ya safari chache za Mbeya na Iringa. Bolti hizo hukazwa kwa Nm 175 kwenye umbo la GD. Zikilegea, mlalo hubadilika katikati ya kona.

Shokapu mpya za ubora wa kiwandani zina thamani kuliko seti ya bei rahisi ya kurekebisha urefu. Ukishusha gari, usivuke milimita 25. Matuta yetu yanachukua plastiki za chini na hata sampu.

Petroli, plagi, na nguvu usizozihitaji

Kompyuta za magari haya zilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu. Yetu iko chini yake, kwa hiyo acha busti ya kiwandani. Plagi mpya zenye mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8, filta ya hewa safi, basi. Ukisikia mlio wa kokoto ndani ya injini ukikanyaga gia ya nne, toa mguu na usirudi uwanjani mpaka ijulikane ni nini. Tangi lisishuke chini ya nusu, kwani kwenye kona petroli hukimbia kutoka kwenye pampu.

Siku yenyewe

Toa kila kisichofungwa: tairi la akiba, jeki, madumu, kapeti la upande wa dereva. Betri ikazwe isicheze. Kizimamoto kifungwe kwa bolti, si kuwekwa chini ya kiti. Ndoano ya kuvutia gari iwe imeshafungwa mbele. Vaa helmeti, shati la mikono mirefu la pamba na viatu vyenye soli nyembamba. Soma pia mkataba wa bima: hata bima kubwa kwa kawaida hailipi ajali ya uwanjani.

Kaza nati za magurudumu kwa spana ya toki, Nm 90 hadi 100, kwa mpangilio wa nyota, asubuhi na baada ya kila kipindi. Spana ya msalaba na mguu hazitoshi.

Kipindi cha kwanza kisizidi dakika kumi hata kama waandaaji wanaruhusu ishirini: mzunguko mmoja wa kupasha, mitatu au minne ya kasi, mmoja wa kupoza bila kugusa breki isipolazimu. Ukirudi, usivute hendibreki. Weka jiwe au kigingi mbele na nyuma ya gurudumu. Injini iendelee kuzunguka dakika mbili turbo ipoe, fungua boneti, kisha lisogeze gari robo mzunguko wa tairi ili pedi zisikae mahali pamoja pa diski. Pedali ikiwa ndefu kuliko asubuhi, siku imekwisha mpaka utoe hewa upya.

Safari ya kurudi na wiki inayofuata

Subiri nusu saa baada ya kipindi cha mwisho kabla ya kuingia barabarani. Ukiwa na mteremko mkali njiani, mafuta ya breki yaliyopikwa mchana kutwa ndiyo utakayoshukia, kwa hiyo tumia gia ya tatu au ya pili tangu juu, na pima pedali kabla ya kona ya kwanza. Simama baada ya kilomita 50 ukaze nati tena.

Ndani ya wiki hiyo, toa mafuta ya breki kidogo kwenye kila kalipa ya mbele utazame rangi. Yakiwa meusi, badilisha yote. Pima unene wa pedi na tafuta nyufa kwenye diski: mikwaruzo midogo ya juu ni kawaida, ufa unaofika ukingoni ni wa kutupa. Pitisha kiganja ndani ya mabega ya matairi ukihisi nyuzi. Ukibadilisha oili, kata filta kwa kikata bomba, kunjua karatasi yake juani na itazame. Chembe chache nyeusi ni moshi wa kawaida. Ukiona vumbi la rangi ya shaba au fedha linalometameta, egesha gari na uite fundi wa injini kabla hujaliwasha tena.